Ushujaa Bila Daftari: Nishani Zinazokosekana Katika Rekodi za Wakongwe wa Marekani

Mwanajeshi wa Marekani anapoaga jeshi hukabidhiwa waraka unaoitwa DD 214. Ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1950, na tangu hapo ndio unaomtambulisha mkongwe wa vita kwa kila ofisi atakayopita: aliingia lini, alitoka lini, alikuwa na cheo gani, alifunzwa kazi gani, aliachiwa kwa heshima au la. Ndani yake kuna kisanduku cha nishani, medali, beji na tepe. Walio nje ya jeshi hukiona kama pambo. Wenyewe wanajua kwamba hicho ndicho kinachoeleza kama mtu alipigana, au alikuwa tu nchini wakati wenzake wakipigana.

Suala si heshima peke yake. Aliyetunukiwa Purple Heart, nishani ya waliojeruhiwa au kuuawa na adui, hupandishwa daraja katika huduma za matibabu za Idara ya Maveterani na kusamehewa kuchangia gharama za tiba. Tangu Agosti 2018 aliyejeruhiwa baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 hupata pia kiwango kamili cha ada ya masomo hata kama hakutimiza miezi 36 ya utumishi ambayo wenzake hutakiwa kuitimiza. Beji ya mapigano nayo ina uzito wake. Kwa sheria, mtu aliyepigana vita anaposimulia jinsi alivyoumia, Idara ya Maveterani hutakiwa kuyapokea maelezo yake kama ushahidi endapo yanalingana na mazingira ya utumishi wake, hata kama hakuna karatasi ya hospitali. Lakini kwanza aonekane kuwa alipigana, na kwa wengi beji ndiyo inayoonyesha hivyo kwa haraka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ushujaa hupotea vivyo hivyo. Madai mengi ya nishani zilizokosekana hayahusu kama mtu alikuwa jasiri au mwoga. Yanahusu karatasi: nani alipaswa kuandika, aliandika lini, ikahifadhiwa wapi. Na kiini cha tatizo ni kwamba mkongwe hutakiwa athibitishe jambo ambalo kuliandika ulikuwa wajibu wa jeshi lenyewe.

Mapengo matatu, milango mitatu

Kosa linalowapotezea wakongwe muda ni kudhani kwamba kila nishani inayokosekana imekosekana kwa sababu moja. Yapo mapengo ya aina tatu, na kila moja lina mlango wake na ushahidi wake.

La kwanza ni pengo la karani. Nishani ilikwisha kutolewa, au anaistahili kila aliyekuwa mahali fulani kwa wakati fulani, ila haikunakiliwa kwenye DD 214. Vita vya Vietnam vimejaa mifano. Jeshi liligawa vita hivyo katika kampeni 17, na kila kampeni aliyoshiriki askari humpa nyota ndogo ya shaba juu ya medali yake ya Vietnam. Makarani wengi waliandika medali na kuziacha nyota. Zaidi ya hapo, amri ya jumla namba 8 ya mwaka 1974 ilivipa vikosi vyote vya Jeshi la Nchi Kavu vilivyotumika Vietnam tuzo ya kikosi ya Msalaba wa Ushujaa wa Jamhuri ya Vietnam. Mwaka 1974 askari walio wengi walikuwa wamesharudi nyumbani wakiwa na DD 214 mikononi. Karatasi zao zisingeweza kutaja tuzo ambayo ilikuwa haijatolewa.

Pengo hili halihitaji wakili. Mkongwe, au ndugu wa karibu ikiwa mwenyewe amefariki, hujaza fomu SF 180 au hutuma ombi kwa mtandao kwenda Kituo cha Taifa cha Rekodi za Watumishi kilichoko St. Louis, jimbo la Missouri. Jalada likiwepo na tarehe zikilingana, hutolewa waraka wa nyongeza uitwao DD 215, unaoambatanishwa na DD 214 na kuwa sehemu yake.

Pengo la pili ni la stahili isiyotolewa amri. Hapa askari alitimiza masharti, lakini hakuna aliyeandika amri ya kumpa. Beji ya Combat Infantryman, iliyoanzishwa mwaka 1943, hutolewa kwa askari wa miguu mwenye mafunzo ya kazi hiyo, akiwa ndani ya kikosi cha askari wa miguu, na kikosi hicho kikiwa katika mapigano ya ardhini. Masharti yote matatu lazima yakutane. Aliyehamishwa kikosi wiki moja kabla ya karani kuandaa orodha huachwa nje. Purple Heart nayo ina masharti matatu: jeraha liwe limetokana na adui, liwe lilihitaji kutibiwa na mhudumu wa afya, na matibabu hayo yawe yameandikwa. Sharti la tatu ndilo linaloangusha watu. Askari aliyefungwa kidonda na mganga wa kombania katikati ya msitu na kurudi kwenye mstari siku hiyohiyo ametimiza mawili ya kwanza; la tatu lilikuwa mikononi mwa mganga ambaye pengine alikuwa na majeruhi wengine kumi mbele yake.

Ndani ya pengo hili limo jambo lisilojulikana na wengi. Mwaka 1947 jeshi liliamua kwamba kila aliyepata beji ya Combat Infantryman au ile ya waganga wa mapigano katika Vita Kuu ya Pili anastahili pia nishani ya Bronze Star. Lakini haikupelekwa nyumba kwa nyumba. Ilibidi mtu aombe. Familia ambayo leo ina karatasi za babu zenye beji hiyo bila Bronze Star inaweza bado kuiomba.

Pengo la tatu ni la ushujaa wenyewe: Silver Star, Distinguished Service Cross, na juu kabisa Medal of Honor. Hizi hakuna azipataye kwa kuwepo tu. Lazima mtu aliyeona tendo aandike pendekezo, mashahidi watie saini, na makamanda walipitishe ngazi kwa ngazi. Pendekezo lisipoandikwa, au likipotea njiani, hakuna cha kurekebisha kwenye rekodi kwa sababu hakuna kilichowahi kuingia. Tangu mwaka 1996 sheria inaruhusu mbunge wa Bunge la Marekani kuomba pendekezo lililopitwa na muda lichunguzwe upya, na huo ndio mlango wa pengo hili. Anayeuacha mlango huo na kuandikia St. Louis hupata jibu fupi kwamba jalada halionyeshi kitu, naye huondoka akiamini ameitwa mwongo.

Pembeni ya hayo yapo malalamiko ambayo si pengo la rekodi bali ni sera. Mpiga mizinga aliyepigana Vietnam kwa bunduki ana kwa ana na adui hapati beji ya askari wa miguu, kwa kuwa hakuwa askari wa miguu. Mwaka 2005 jeshi lilianzisha beji ya Combat Action kwa watu wa namna yake, lakini likaianzia Septemba 2001. Wanamaji walitendewa tofauti: tepe yao ya mapigano, iliyoanzishwa mwaka 1969, ilirudishwa nyuma kwa sheria hadi tarehe 7 Desemba 1941. Mpiga mizinga huyo hana kosa la kusahihishiwa. Anachohitaji ni sheria mpya.

Moto wa St. Louis

Usiku wa manane wa tarehe 12 Julai 1973 moto ulizuka kwenye ghorofa ya juu ya jengo la rekodi karibu na St. Louis. Maghala yake hayakuwa na mfumo wa kunyunyizia maji. Moto ulipozimika siku kadhaa baadaye, majalada kati ya milioni 16 na 18 yalikuwa yameteketea. Kwa Jeshi la Nchi Kavu, asilimia 80 ya majalada ya walioachiwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960 yalipotea. Kwa Jeshi la Anga, asilimia 75 ya walioachiwa kati ya Septemba 1947 na Januari 1964, kuanzia majina yaliyofuata Hubbard kwa mpangilio wa alfabeti. Hapakuwa na nakala, hapakuwa na filamu, hapakuwa hata na orodha kamili ya kilichokuwemo. Yaliyonusurika moto yalilowana maji ya wazima moto na kuota ukungu.

Kazi iliyofuata inaendelea mpaka leo: kujenga upya maisha ya mtu kutoka kwenye karatasi zilizohifadhiwa mahali pengine. Zipo hati za malipo ya mwisho. Zipo ripoti za asubuhi, ambamo kila kombania iliandika nani kaingia, nani katoka, nani mgonjwa. Zipo kumbukumbu za waliolazwa hospitalini katika Vita Kuu ya Pili na vita vya Korea. Yapo majalada ya Idara ya Maveterani kwa yule aliyewahi kudai fidia kabla ya moto. Mtafutaji hodari huviunganisha: ripoti ya asubuhi inasema askari alitoka kwenye kombania akiwa majeruhi, kumbukumbu ya hospitali ya juma hilohilo ina namba yake na kipande cha chuma mguuni. Vipande viwili ambavyo kila kimoja peke yake hakisemi mengi, vikikutana huwa ushahidi.

Ingekuwa faraja kudhani kwamba janga hilo ni la enzi ya makaratasi tu. Mwaka 2012 uchunguzi wa ProPublica na gazeti la Seattle Times ulionyesha kuwa vikosi vingi vilivyopigana Iraq na Afghanistan havikuhifadhi kumbukumbu zao za uwanjani, nyingine zikiwa zimefutwa kwenye kompyuta kabla ya kikosi kurudi nyumbani. Safari hii hapakuwa na moto.

Bodi na mzigo wa ushahidi

Kabla ya mwaka 1946, aliyetaka rekodi yake irekebishwe na jeshi likakataa alikuwa na njia moja: kumwomba mbunge wake apeleke muswada wenye jina lake. Bunge lilielemewa. Sheria ya mwaka 1946 ilipiga marufuku miswada hiyo na kuwapa mawaziri wa majeshi mamlaka ya kusahihisha kosa au kuondoa dhuluma kupitia bodi za raia. Mwombaji hutumia fomu DD 149. Anapaswa kuomba ndani ya miaka mitatu tangu agundue kosa, lakini bodi inaweza kuusamehe ucheleweshaji kwa ajili ya haki, na mara nyingi huangalia kwanza uzito wa ombi lenyewe. Akikataliwa anaweza kurudi akiwa na ushahidi mpya, au kwenda mahakama ya shirikisho.

Kwenye karatasi utaratibu ni wa ukarimu, lakini unaanzia mahali pabaya. Bodi huanza kwa kudhani kwamba maofisa wa wakati ule walifanya kazi yao sawasawa, na mwombaji ndiye abebe mzigo wa kuonyesha kuwa haikuwa hivyo. Dhana hiyo inaeleweka jalada likiwepo, kwa kuwa kuna kitu cha kudhania. Jalada likiwa limeungua, bodi inalitetea jeshi kwa ukimya wa karatasi ambazo jeshi lenyewe halikuzilinda.

Hapa ndipo serikali hiyohiyo inapojipinga. Katika Idara ya Maveterani, simulizi ya aliyepigana hukubaliwa inapolingana na mazingira, kwa sababu watunga sheria walielewa kwamba vitani hakuna anayesimama kujaza fomu. Mbele ya bodi ya rekodi, simulizi ileile ya mtu yuleyule huonekana haitoshi. Mkongwe anaweza kulipwa na ofisi moja fidia ya jeraha la vita, kisha akaambiwa na ofisi nyingine kwamba hakuna uthibitisho wa kutosha kuwa jeraha hilo lilitoka kwa adui.

Wanaotetea ukali wana hoja, na si ndogo. Wapo wanaojipachika nishani wasizostahili, kiasi cha Bunge kupitisha sheria dhidi yao mwaka 2006. Mahakama ya Juu iliibatilisha mwaka 2012 kwa hoja ya uhuru wa kusema, na Bunge likapitisha nyingine mwaka 2013 inayowalenga wanaodanganya ili wapate fedha au manufaa. Kumbukumbu za miaka hamsini huchanganya majina na tarehe. Rafiki wa zamani hutia saini hati ya kiapo kwa upendo kuliko kwa uhakika. Na nishani inayotolewa kwa yeyote anayeiomba hupoteza thamani kwa aliyeilipia kwa damu.

Lakini hoja hiyo ina nguvu kwa pengo la tatu, si kwa la pili. Kumpa mtu Silver Star kwa neno lake peke yake ingekuwa kuvunja maana ya nishani. Kumpa Purple Heart mtu ambaye ripoti ya kikosi inamtaja kwenye mapigano ya siku hiyo, ambaye daktari wa leo anaona kovu au chuma mwilini mwake, na ambaye jalada lake liliungua mikononi mwa serikali, ni jambo la namna nyingine.

Jeraha lisiloonekana, na kalamu iliyobagua

Kisa cha kambi ya Al-Asad kinaonyesha kwamba sharti la maandishi halijaacha kuwatesa watu hata katika zama za kompyuta. Tarehe 8 Januari 2020 makombora ya Iran yaliangukia kambi hiyo nchini Iraq. Taarifa za mwanzo zilisema hakuna Mmarekani aliyeumia. Baadaye zaidi ya watu 100 walithibitika kupata majeraha ya ubongo kutokana na mishindo. Purple Heart 29 zilitolewa. Wengine walibaki nje mpaka vyombo vya habari vilipoliibua suala hilo, na mwishoni mwa 2021 jeshi likaidhinisha 39 zaidi. Mishindo haitoi damu, na kinachokosa damu huchelewa kuandikwa.

Upo pia upotevu ambao hauwezi kusingiziwa moto wala haraka ya vita. Mpaka mwaka 1997 hakuna askari mweusi hata mmoja aliyekuwa amepewa Medal of Honor kwa Vita Kuu ya Pili. Jeshi lilikitaka Chuo Kikuu cha Shaw kichunguze sababu, na tarehe 13 Januari 1997 Rais Bill Clinton akawatunuku saba. Aliyekuwa hai ni Vernon Baker pekee. Waverly Woodson, mganga mweusi aliyewatibu majeruhi ufukweni Omaha tarehe 6 Juni 1944 akiwa yeye mwenyewe amejeruhiwa, jalada lake liliungua St. Louis. Alifariki mwaka 2005, na Distinguished Service Cross yake ikatangazwa mwaka 2024. Ubaguzi ulimnyima nishani aliyostahili, kisha moto ukachoma karatasi ambazo zingesaidia kuuthibitisha ubaguzi.

Kisa cha Paris Davis kinakwenda mbali zaidi. Akiwa miongoni mwa maofisa weusi wa kwanza wa Vikosi Maalumu, mwezi Juni 1965 alipigana karibu na Bong Son, Vietnam, kwa saa nyingi, na licha ya majeraha alikataa kuondoka mpaka wenzake Wamarekani wametolewa. Kamanda wake alimpendekeza kwa Medal of Honor. Karatasi zikapotea. Mwaka 1969 uchunguzi ukagundua hakuna jalada na kuagiza pendekezo liandikwe upya, nalo likapotea. Alitunukiwa na Rais Joe Biden tarehe 3 Machi 2023, karibu miaka 58 baada ya mapigano. Mashahidi walikuwapo, maandishi yalikuwapo, tena mara mbili. Aliyefanikiwa hatimaye ni yule ambaye marafiki zake hawakuchoka kuuliza kwa miaka mingi, na nishani haipaswi kutegemea hilo.

Ambako hapakuwa na orodha

Msomaji wa Afrika Mashariki anayeona mfumo wa Marekani una kasoro alinganishe na yaliyotokea kwake. Ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ya Aprili 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa wakiitumikia Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa Waafrika wa Afrika Mashariki na Wamisri. Kundi kubwa lilikuwa la wapagazi waliobeba chakula na risasi za jeshi. Badala ya makaburi yenye majina tuliachiwa sanamu za Askari za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Katika vita vilivyofuata askari wa King's African Rifles walifika hadi Burma, lakini mjukuu wa mmoja wao hana bodi ya kuiandikia wala fomu ya kujaza. Marekani ilipoteza majalada. Huku kwetu majina mengi hayakuhifadhiwa tangu mwanzo.

Leo wapo wasemaji wa Kiswahili ndani ya jeshi la Marekani lenyewe. Mpango wa MAVNI, uliosajili wageni wenye ujuzi wa lugha hadi ulipositishwa mwaka 2016, ulikihesabu Kiswahili miongoni mwa lugha zilizotafutwa. Kwao ushauri ni mfupi. Weka nakala yako mwenyewe ya kila amri ya nishani, kila karatasi ya zahanati, kila amri ya uhamisho. Kabla ya kutia saini DD 214, isome mstari kwa mstari, kwa sababu kosa linalosahihishwa dakika kumi kabla ya saini huchukua miezi mingi baada yake. Andika majina kamili ya waliokuwa nawe siku ya tukio. Na hakikisha jina lako limeandikwa kwa herufi zilezile kwenye kila hati.

Tahadhari ya mtu mmoja mmoja haitoshi, hata hivyo. Bunge linaweza kuzitaka bodi za rekodi zifuate kanuni iliyo karibu na ile ya Idara ya Maveterani: pale jalada lilipopotea likiwa chini ya ulinzi wa serikali, na maelezo ya mwombaji yanalingana na kumbukumbu za kikosi chake, jeshi ndilo libebe mzigo wa kuonyesha kwamba hastahili. Nishani za ushujaa zibaki na ukali wake wote. Beji ya mapigano na nishani ya jeraha zifuate kanuni hiyo mpya. Badiliko hilo halimpi nishani mtu ambaye hakupigana. Linamwondolea aliyepigana adhabu ya uzembe ambao haukuwa wake. Nalo lina muda wake, kwa sababu kijana wa miaka ishirini aliyepelekwa Vietnam mwaka 1968 sasa anakaribia themanini, na mashahidi wake ni rika lake.